Bomba Lililonenepa Njiani

Hakuna ulimi Amu nzima, mji wetu wa Lamu, unaoyajua maji kama huu wangu. Nipe kikombe nimefumba mato, nitakwambia haya ni ya Shela, haya ni ya mvua, haya yamelala mtungini tangu juzi. Basi asubuhi ile, mwaka wa 1957, nilikunywa chai vikombe vitatu, nikamgeukia jirani yangu Bi Hindu nikamwambia leo chai imekolea kweli. Kumbe maji yale yalikuwa yamelaliwa na maiti usiku kucha.

Nashukuru sikuwa peke yangu. Mji mzima ulikunywa. Hata Bwana DC, mkuu wa wilaya, aliyapigia mswaki.

Maji yalikatika ghafla kwenye mifereji. Fundi wa kampuni akapanda juu ya tangi kuangalia kilichoziba. Tangi lenyewe lilikaa juu ya nguzo za mawe, mtaani Mkomani, limeegemeana na nyumba ya mwenye kampuni, Bwana Jeilani. Fundi alifungua kifuniko, akachungulia, akashuka bila kuzikanyaga ngazi zote.

"Ndani mna mtu," alisema.

"Anafanya nini?" watu wakamwuliza.

"Hafanyi kitu."

Inspekta Ridhwani alifika akiwa na askari wawili na kamba. Alikuwa mtu wa Chundwa, kisiwani Pate, mwembamba, sauti yake ya chini. Mabwana wa Mkomani walimwona mtu wa shamba aliyevishwa viatu vya Serikali. Alikuwa na tabia moja: kila alipoingia kumhoji mtu, aliomba kwanza maji ya kunywa. Kisha akayanywa polepole, mato yake juu ya ukingo wa gilasi, yakimtazama mwenyeji.

Siku ile hakuomba maji.

Maiti ilipolazwa chini, kila mwanamke aliyekuwa na ndoo aliitambua. Alikuwa Bwana Abdulhalim, mpimaji wa maji aliyeletwa na Serikali kutoka Mombasa. Kampuni ya Jeilani ilikuwa na leseni ya kuuza maji ya mfereji Amu, hiyo peke yake. Leseni ilikaribia kwisha, na kabla ya kumpa nyingine Serikali ilitaka kujua mambo. Maji yanayovutwa kwenye visima vya Shela yanafika yote mjini, au yanapotea njiani? Watu husimama mferejini muda gani? Na yakifika, yananyweka?

Kwa hiyo Abdulhalim alizunguka mjini na ndoo, saa na gilasi. Wanawake walimwita Bwana Ndoo. Alikuwa mcheshi, na kicheko chake kilikuwa cha juu, kikavu, kama mlango usiotiwa mafuta. Alhamisi alikuwa aseme mbele ya Bwana DC aliyoyaona. Jumatano ndiyo hiyo alitolewa tangini.

"Amekufa maji," alisema daktari wa hospitali. "Lakini tazama hapa."

Nyuma ya shingo palikuwa na michubuko. Alama za vidole vinene.

Inspekta aliinama, akapekua koti la marehemu. Mfuko wa kifuani ulikuwa na kitu. Alikitoa kwa ncha za vidole, akakiweka kwenye kiganja. Kisamaki, kidogo kama kucha ya kidole gumba, kimekufa.

"Tangi lina samaki?" alimwuliza fundi.

"La, Bwana. Mdomo wa bomba una chujio la waya. Hata mdudu hapiti."

"Na kifuniko ulikikuta wazi?"

"Kimefungwa. Nimevunja kucha kukifungua."

"Maiti hii ina adabu," Inspekta alisema. "Imeingia, kisha ikajifungia mlango."

Kabla ya adhuhuri mji ulikuwa umekwisha kupata muuaji. Abdulghafur, muuza maji kwa punda. Siku ya Jumanne alikuwa amegombana na Bwana Ndoo sokoni, mbele ya watu, akampigia kelele: "Nitakutia ndani ya hayo maji unayoyapima!" Watu walikuwa wamesikia. Hata waliokuwa Shela siku hiyo walikuwa wamesikia.

Bwana DC alifurahi kuona kazi imekwisha mapema. Alitoa amri: meli ya Mombasa inaondoka Jumamosi, na Abdulghafur atakuwa ndani yake, amefungwa pingu, akakabili kesi ya kuua. Kesi za namna hiyo wakati ule zilikwisha kwa kamba ya shingo.

Inspekta alimtoa mshukiwa mahabusu, akamkalisha. Abdulghafur alikuwa amelemaa mguu wa kushoto, akaketi kwa mafungu mafungu.

"Ulimtisha marehemu?"

"Nilimtisha."

"Kwa nini?"

"Kanivunjia heshima mbele ya wake za watu."

"Kasema nini?"

Abdulghafur alitazama sakafu. "Kasema madebe yangu yamebonyezwa kitako, ili yachukue maji machache."

"Yamebonyezwa?"

"Bwana Inspekta, debe huanguka. Punda ni mnyama."

"Yote yameanguka kwa kitako?"

Abdulghafur akajikuna goti.

"Usiku wa Jumanne ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nani anajua?"

"Mke wangu. Na punda."

"Marehemu alisema neno jingine?"

"Alisema mimi ni mwizi mdogo, lakini Bwana Jeilani ana miujiza. Kasema mabomba yote ya nti hii huvuja, la Jeilani hunenepa njiani. Kisha akacheka kile kicheko chake. Sikumwelewa. Nilikuwa na hasira."

Inspekta aliacha kuandika. "Hunenepa njiani?"

"Ndivyo alivyosema. Wallahi."

Mlangoni alikuwa amesimama Bi Tima, mke wa Abdulghafur, na sahani ya wali iliyofunikwa. Alikuwa amelia akamaliza, sasa alikuwa amekasirika.

"Bwana Inspekta, mume wangu hapandi kitandani bila kigoda. Atapandaje tangi lile na maiti begani?"

"Hilo nimeliona, Bi Tima."

"Basi mfungulie."

"Kuona kwangu hakutoshi. Bwana DC anataka mtu. Nisipompa mwingine kabla ya Jumamosi, atamchukua huyu."

Bi Tima aliweka sahani mezani. "Basi wewe tafuta, wacha kukaa. Na wali huu si wako."

Jioni Inspekta alikwenda ofisini kwa Jeilani. Lilikuwa jitu zima, kofia ya kazi nzuri, manukato yanamtangulia. Babu yake alichimba visima vya wakfu, na Jeilani hakumwacha mtu asahau.

"Naomba maji," Inspekta alisema.

Jeilani alimimina gilasi mbili. Yake akaigugumia yote. Kope za macho zilimtetemeka kidogo tu.

Inspekta alionja. "Yana chumvi."

"Ni kiangazi, bwana. Visima vyote huwa hivyo. Hata nyumbani kwangu tunakunywa haya haya ya mfereji, mimi na mke wangu na wageni. Siuzi nisichokunywa."

"Marehemu alipata kufika nyumbani kwako?"

"Hata siku moja. Mimi na yeye ni hapa ofisini tu. Daka langu la mlangoni halimjui."

"Unamdhania nani?"

"Si mumeshamkamata? Mtu wa punda. Bomba likienda vizuri, punda wanakwisha. Hapo pana cha kutafuta?"

Maneno yalikuwa na akili ndani yake. Inspekta aliyachukia kwa sababu hiyo.

Alhamisi asubuhi alibisha kwa Bi Hindu. Na mimi nilikuwepo, nimekwenda kuomba bizari. Hata kama ningekuwa nayo kwangu ningekwenda kuomba. Aliomba maji, akanywa, kisha akafungua leso na kutuonyesha yule kisamaki.

"Huyu ni wa wapi, Bi?"

"Nawe mtu wa Pate humjui? Wa birika la maji la uani huyu! Tunawatia birikani ili wale mayai ya mbu. Bila hao tungeliwa sote tukabaki mifupa."

"Wako wako wapi?"

"Wamekufa wote mwezi wa Rajabu, maji ya mfereji yalipoanza chumvi. Samaki hawa hawataki chumvi. Wangu wamekufa, wa jirani huyu wamekufa." Akaninyoshea kidole. "Naye yuasema yuajua maji! Mimi ndimi niliyemwambia."

"Kwa nani mjini wako hai?"

"Kwa wanaonunua maji matamu kwa Abdulghafur. Kwa wengine wote, labda wawe wa plastiki."

Inspekta alitoka amekunja uso. Nilijua kwa nini. Mtu yule hakufa tangini. Alizamishwa kwenye birika lenye maji matamu, akaletwa tangini baadaye. Lakini nani huingia kwenye nyumba zenye maji matamu, kila siku, bila kubisha sana? Abdulghafur na madebe yake. Ushahidi uliokuwa umfungue ulikuwa unamkaza.

Bwana DC aliposikia habari ya samaki alisema hivyo hivyo. Akaongeza kuwa meli haijabadilisha siku.

Inspekta alibakiwa na neno moja tu la marehemu. Akachukua ndoo ya marehemu, ile ile, na saa. Akaenda Shela kwa miguu, mchanga unaingia viatuni.

Mwendesha injini ya Shela aliitwa Husseini. Alikuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi, na alipoona ndoo ile akaanza kupangusa mikono.

Inspekta aliomba maji. Yalikuwa matamu, baridi, yanapita kooni yenyewe.

"Haya ndiyo yanayokwenda mjini?"

"Ndiyo haya."

Injini ilikohoa, ikavuta. Inspekta aliweka ndoo kwenye mdomo wa bomba, akatazama saa. Ndoo ilijaa kwa kujivuta, kama mtu anayeamshwa alfajiri. Kisha akarudi Mkomani, akapanda tangi, akaweka ndoo ile ile pale bomba linapomwaga. Ikajaa kabla hajaisogeza saa machoni.

Maji yalikuwa machache yakiondoka, mengi yakifika. Na yaliyofika yalikuwa na chumvi.

Aliteremka, akalifuata bomba kwa miguu ufukoni, kurudi upande wa Shela. Katikati ya njia, nyuma ya mikandaa, palikuwa na banda la makuti lenye kufuli kubwa. Ndani mlisikika injini nyingine. Askari alivunja kufuli. Kilikuwa kisima kipya, hatua chache kutoka baharini, na bomba jembamba linaloingia kwenye lile nene.

Husseini aliletwa pale. Hakuhitaji kuulizwa mara mbili.

"Injini ya Shela imechoka, Bwana Inspekta. Tangu mwaka jana nalilia vyuma vipya. Leseni yasema kampuni ifikishe maji kadha wa kadha. Bwana Jeilani kasema, wao wapima wingi, utamu hawaulizi. Basi tukachimba hapa."

"Marehemu alikijua kisima hiki?"

"Alikiona Jumanne, alasiri. Alicheka hata akakaa chini."

"Kisha?"

"Nikamwomba asituangamize. Akasema ataanza kwa Bwana Jeilani, nyumbani kwake, baada ya magharibi. Kasema si vizuri mtu mzima asikie aibu yake barazani kabla hajaambiwa faragha. Kasema ni heshima."

"Alikwenda?"

"Kwenda kwenyewe sikukuona. Nilimwona akishika ndia ya mjini tu."

"Mbona hukusema haya yote?"

"Nani angeniamini? Mimi ni mtu wa mafuta. Yule ni Jeilani."

Inspekta alifunga daftari, kwa kuwa ilikuwa kweli. Neno la Husseini mbele ya neno la Jeilani lisingefika hata kizingiti cha ofisi ya Bwana DC.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Inspekta Ridhwani alipiga hodi kwa Jeilani. Kesho yake ndiyo meli. Jeilani alimkaribisha ndani kwa sababu mgeni hawezi kuachwa dakani mbele ya macho ya watu. Askari alibaki nje.

"Naomba maji," Inspekta alisema.

Jeilani alipaza sauti kuelekea pazia la ndani: "Rahima! Maji kwa mgeni! Ya mfereji!"

Pazia lilitikisika. Mkono wenye hina ulitoa sinia, na juu yake gilasi iliyofunikwa kitambaa cha ushanga. Inspekta alikunywa. Maji yalikuwa yamefukizwa ubani, na yalikuwa matamu kama ya Shela.

Alikunywa mpaka tone la mwisho, macho yake juu ya ukingo wa gilasi.

"Bi Rahima," alisema kwa sauti, "maji haya ni tunu. Mwenyezi Mungu akuzidishie."

"Amin," ikajibu sauti nyuma ya pazia, imefurahi. "Bwana kaniambia nikupe ya mfereji. Mgeni apewe maji ya chumvi nyumbani kwangu? Nitaitwa nani mjini?"

"Rahima, inatosha," alisema Jeilani.

"Nasema kweli. Haya Husseini hutuletea kila siku kutoka Shela. Hata mgeni yule wa mbao aliyasifu. Akauliza maji kama haya yatoka wapi, akaomba aoneshwe birika."

"Mgeni yupi, Bi?"

"Yule wa Jumanne, baada ya magharibi. Bwana kaniambia ni mnunuzi wa mbao kutoka Mombasa. Sikumwona, nilikuwa nimevaa natoka kwenda harusini. Lakini kicheko chake nakisikia mpaka leo. Kama mlango usiotiwa mafuta."

Jeilani alirekebisha kofia yake.

"Watu wenye vicheko ni wengi," alisema Jeilani.

Inspekta aliinuka, akaenda uani, birikani. Visamaki vilikuwa vinazunguka, vinene, vimeshiba.

"Samaki wako wazima, Bwana Jeilani."

"Wamezoea."

"Chumvi?"

"Wamezoea."

Inspekta alifungua leso, akamlaza yule mfu ukingoni mwa birika, mbele ya wenzake. "Huyu hakuzoea. Alitoka na marehemu, mfukoni mwake. Juu ya birika hili pana ngazi ya kwenda ghorofani. Dirisha la ghorofani latazamana na kifuniko cha tangi. Nimelipima kwa macho nilipokuwa juu kule. Mtu mwenye nguvu hahitaji kuteremka barabarani."

Jeilani alitazama vidole vyake. Vilikuwa vinene. Kisha akaketi ukingoni mwa birika, na kofia yake nzuri ikateleza upande, asiirudishe.

"Alikuja kwa heshima," alisema. "Alisema nikifukie kile kisima, nitengeneze injini, naye atamwambia Bwana DC nipewe muda."

"Basi mbona?"

"Alikunywa maji ya Rahima. Akaja hapa, akawaona samaki. Akaanza kucheka. Akasema, Bwana Jeilani, kumbe kazi waijua! Kwako huduma ni ya daraja la kwanza, ni kwa wenzako tu ndiko imekushinda. Nikamwambia anyamaze, mke wangu hajafika mbali. Akainama kuwatazama samaki, akazidi. Babu yangu aliwapa watu wa mji huu maji ya bure. Nikaona nitapita barabarani, na kila mlango utacheka vile. Nilimshika shingo anyamaze. Nilitaka anyamaze tu."

"Akanyamaza."

"Akanyamaza."

Nyuma ya pazia sinia ilianguka.

Jumamosi meli iliondoka na mtu mmoja ndani ya pingu, kama Bwana DC alivyopanga, ila mtu mwenyewe alikuwa mwingine. Tangi likawa linasuguliwa, kisima cha chumvi kikafukiwa, na mji wote ukarudi kwa punda wa Abdulghafur. Alitembea na mguu wake ule kama bwana arusi. Bi Tima alimpelekea Inspekta sahani ya wali, safari hii ni wake.

Siku ya tatu Abdulghafur alipeleka maji kituo cha polisi. Mimi nilikuwa hapo nje na mtungi wangu, nangoja zamu.

"Umeyanyosha madebe yako?" Inspekta alimwuliza.

"Yote, Bwana Inspekta! Kwa nyundo, kwa mkono wangu huu. Wallahi, mtu aliyeponea kamba ataiba tena?"

Inspekta alimimina maji ya debe ndani ya mtungi wa kituo, akaligeuza debe, akaliweka mezani kitako juu. Kitako kilikuwa kimeingia ndani, mviringo mzuri, laini. Kuku angeweza kutaga humo na kuatamia.

Abdulghafur alikitazama kibonyeo kile kwa mshangao mkubwa, kisha akamgeukia mnyama wake aliyesimama mlangoni.

"Punda huyu," alisema.